MAZUNGUMZO YA KAMATI YA ELIMU KWENYE MKUTANO WA CHAMA: TUJUE KWANZA WATOTO WA MEMKWA NI AKINA NANI

(Yamenakiliwa hapa ubaoni kwa ajili ya wasiofika mkutanoni.)



Tumesimama kujibu swali linalozunguka tangu ghalani mpaka kisimani. Watu wanauliza: kwa nini chama kiendelee kumpa posho mwezeshaji wa darasa la MEMKWA, na watoto wake hawafaulu kama wale wa shule ya msingi? Swali ni halali. Fedha ni ya wanachama, na mwenye fedha lazima aulize. Ila tusikilizane mpaka mwisho.

MEMKWA maana yake ni Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Ulianza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1990 katika wilaya 5: Kisarawe, Musoma Vijijini, Ngara, Songea Vijijini, na hii yetu ya Masasi. Wakati ule hali ilikuwa mbaya. Taifa lilikuwa limeamua tangu 1974 kwamba kila mtoto asome, lakini mwaka 2000, katika kila watoto 100 wa umri wa shule ya msingi, walioandikishwa walikuwa kama 59 tu. Ada ikafutwa 2001, MMEM ikaanza 2002, na kufika 2005 wakawa kama 95. Shule zilifurika, jamani, wenyewe mnakumbuka. Lakini aliyekwisha kupitwa na umri angeketi wapi? Ndiyo kazi ya MEMKWA. Wasiozidi miaka 13 hufundishwa kwa muda uliofupishwa, wakifaulu mtihani wa Darasa la Nne wanaingia Darasa la Tano. Wenye miaka 14 hadi 18 huandaliwa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi.

Sasa watoto wenyewe ni akina nani? Ni wale tunaowajua. Yupo aliyebaki nyumbani kumwuguza bibi yake. Yupo aliyefiwa na wazazi akahamishwa mara mbili. Yupo aliyekuwa akiamia ndege mpungani wakati wenzake wanaandikishwa. Yupo binti aliyeacha shule kwa ujauzito, na tukumbuke kwamba Novemba 2021 Serikali ilitangaza mabinti wa namna hiyo waruhusiwe kurudi masomoni. Mtoto wa namna hii anashika kalamu mara ya kwanza akiwa na miaka 12, halafu tunamlinganisha na aliyeanza na miaka 6!

Ndugu Wanachama, sisi ni watu wa mzani. Karani akianza kupima korosho kabla mshale haujasimama kwenye sifuri, ghala zima linapiga kelele. Basi na watoto hawa tuulize mshale ulianzia wapi.

Hebu tupige hesabu ya mfano tu. Watoto 20 wanaandikishwa. 8 wanaacha njiani. 12 wanafanya mtihani, 6 wanafaulu. Mmoja atasema nusu wamefaulu, yaani 50 katika 100. Mwingine atasema waliingia 20, wamefaulu 6, hiyo ni 30 katika 100. Wote wamepiga hesabu sawasawa, ila kila mmoja ameanzia pake. Na wa tatu atauliza: wale 14 waliobaki, wangapi sasa wanasoma barua na kuikagua stakabadhi ya korosho wenyewe? Hapo wote kimya, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Tena darasa dogo linadanganya. Wakifanya mtihani watoto 100, mmoja akiugua malaria, umepungukiwa 1 katika 100. Wakifanya 12, huyo mmoja ni zaidi ya 8 katika 100. Watu watasema mwaka huu mwezeshaji amezembea, kumbe ni homa ya mtoto mmoja.

Lakini hatukuja kutetea tu. Kasoro zipo, na kubwa kuliko zote ni yetu. Mtihani wa Darasa la Nne huja mwezi Oktoba, na Oktoba ni msimu wa kuokota korosho. Mnaona? Mtoto anaitwa shambani majuma yaleyale ambayo angekuwa anajiandaa. Anayemwita ni nani? Siyo mgeni kutoka mbali. Ni sisi tuliomo humu mkutanoni, na wengine tunamwita mtoto wa jirani kwa ujira wa nauli ya baiskeli. Halafu matokeo yakitoka tunasema eti darasa halifai. Huko ni kumfunga mtu miguu na kumcheka hakimbii.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza mambo manne:

1. Posho ya mwezeshaji iendelee, na itolewe kwa wakati. Mtu asiyelipwa ataondoka, na akiondoka darasa limekufa.

2. Daftari lifunguliwe: umri wa mtoto, msichana au mvulana, sababu iliyomweka nje ya shule, alichokijua siku ya kwanza, na alikokwenda. Anayeacha asifutwe jina, aandikiwe sababu.

3. Mwanachama asimwokoteshe mtoto korosho saa za masomo, awe wake au wa jirani.

4. Kila mwaka Kamati isome daftari hilo mbele ya mkutano huu, mazuri na mabaya, bila kuficha.

Baada ya miaka 3, kama daftari litaonyesha kwamba watoto wanaingia na kutoka vilevile walivyokuja, sisi wenyewe tutasimama hapa kusema posho ikatwe. Lakini tusikate kwa uvumi. Chama hiki kilianzishwa kwa sababu mkulima asiyejua kusoma mizani alikuwa anaibiwa. Watoto hawa ndio wakulima wa kesho. Tukiwaacha hivyo, tumewaandaa kuibiwa.

Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza. Uamuzi ni wa mkutano.



Kamati ya Elimu