Baba Akiwa Fundi wa Redio: Tuwakinge Watoto na Sumu ya Risasi

  Leo tunasema na wewe ambaye mume au kijana wako ni fundi wa redio, simu au televisheni, na pia na wewe mama uliye fundi mwenyewe.

Fundi huunganisha nyaya kwa kuyeyusha waya laini wa kijivu. Aina ya kawaida ya waya huo ina takriban asilimia 60 ya bati na 40 ya risasi. Risasi tunayosema hapa ni madini yenye sumu. Moshi unaopaa hutoka hasa kwenye utomvu uliomo ndani ya waya, nao hukereketa macho na unaweza kuleta pumu. Risasi yenyewe hubaki mezani, mikononi na kwenye nguo kama vumbi. Fundi akila bila kunawa, au akishika waya kwa meno, anaimeza. Akifika nyumbani na kumbeba mtoto kabla ya kunawa, amemletea sumu.

Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Huharibu ubongo unaokua, mtoto akawa mzito wa kujifunza, na madhara hayo hayaponi. Mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Huko Owino Uhuru, Mombasa, watoto na wazazi waliathiriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofungwa mwaka wa 2014. Kibanda cha fundi si kiwanda, lakini sumu ni ile ile.

Basi tufanye nini?

Kwanza, fundi anawe kwa sabuni kabla ya kula, na tena kabla ya kumshika mtoto.

Pili, awe na nguo za kazi. Zifue peke yake, mbali na nguo za mtoto.

Tatu, afanyie kazi mahali penye hewa ya kutosha, asifanyie jikoni wala chumba cha kulala. Meza ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu hurusha vumbi.

Nne, mtoto asichezee kibandani.

Tano, aulize dukani waya usio na risasi.

Kama kijana wako ameajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri amlinde. Kuomba dirisha na maji ya kunawa si utovu wa adabu.

Mwisho, mara nyingi risasi haionyeshi dalili mapema. Mtoto akiumwa tumbo mara kwa mara, akifunga choo au akipungukiwa damu, mpeleke kliniki na useme wazi, "Baba yake ni fundi wa redio." Neno hilo litamfanya daktari afikirie kupima risasi katika damu.