Mikoko Si Ndugu Wote

(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika chache nizungumzie sayansi, nami nimechagua miti ya jirani.

Shukeni pwani ya Kunduchi au Mbweni, au upande wa Temeke mfike hori la Mzinga, karibu na Mtoni. Miti yote isimamayo katika tope la maji ya chumvi tunaiita mikoko. Lakini wavuvi na wakata boriti huipambanua: mkoko wenyewe, msinzi, mkandaa, mchu, mlilana. Je, ni ukoo mmoja?

Tazameni mchu na mlilana. Yote miwili huchomoza mizizi juu ya tope kama vigingi, ipate hewa. Ungeapa kuwa ni ndugu. Sivyo.

Ushahidi umo ndani ya jani. Chembechembe za kijani ziitwazo kloroplasti zina DNA yake zenyewe, yenye herufi kama 160,000, na katika mimea mingi ya maua mche huirithi kwa mama peke yake. Ni kama kufuata nasaba ya kukeni. Mwaka 1986 wanasayansi wa Japani walimaliza kuisoma ya tumbaku, herufi kwa herufi. Tangu hapo imesomwa ya mimea mingi, mikoko ikiwamo. Ukilinganisha herufi hizo, unajua mti upi ulitengana na upi, na upi ulitangulia kujitenga.

Matokeo ni haya. Mkoko, msinzi na mkandaa ni ukoo mmoja, na muhogo ni jamaa yao wa mbali. Mlilana ni jamaa wa mhina na mkomamanga. Mchu una ukoo wake mwingine kabisa. Kilichoifanya ifanane ni shida moja: chumvi, na tope lisilo na hewa.

Basi vijana, neno langu ni hili. Mkienda kupanda miti pwani, msichomeke miche ya mkoko peke yake kwa kuwa ni rahisi kuiokota. Mlilana husimama mbele, penye mawimbi. Mkandaa hukaa nyuma, karibu na nchi kavu. Mlilana ukikatwa na mahali pake pakapandwa mkoko, kilichotoka hakikurudi: ukoo mzima umetoweka pale. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, waulizeni wazee wa pwani: hapa palikuwa na mti gani?