Mafuta ya Safari: Tupige Hesabu Kabla ya Kuondoka

(Maneno ya mfanyakazi wa jamii katika mkutano wa wakazi)



Leo tuzungumze juu ya mafuta ya gari. Najua wengi wenu hamna gari. Hata mimi sina. Lakini kukiwa na mgonjwa au msiba tunachanga, tunakodi pikapu, na mafuta tunanunua sisi.

Mwaka 2019 tulimsindikiza jirani yetu, mama mmoja aliyefia Jinja, akazikwe kwao Busiu. Kutoka Jinja kupitia Tororo mpaka Busiu ni kama kilomita 160. Tangi lilikuwa karibu tupu. Mwenye gari alisema lita moja inakwenda kilomita 12, basi lita 15 zitatosha na kubaki. Tulikubali kwa sababu fedha ya mchango ilikuwa ndogo. Gari lilizimika tumeshapita Tororo, zimebaki kama kilomita 10. Jua lilitua tukiwa barabarani na jeneza, na wenye msiba wanangoja na kaburi limechimbwa.

Kosa lilikuwa wapi? Ile 12 ni ya gari tupu. Sisi tulikuwa watu tisa, jeneza na mizigo. Tulikwenda kilomita 150 kwa lita 15, maana yake lita moja ilitupa kilomita 10 tu.

Basi fanya hivi. Chukua umbali, gawanya kwa kilomita ambazo gari linakwenda kwa lita moja likiwa na mzigo. 160 kwa 10 ni lita 16. Kurudi ni 16 nyingine, jumla 32. (Kurudi husahauliwa sana, kana kwamba gari litabaki kilioni!) Ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya njia ya vumbi ya kuingia kijijini, matope na foleni. Sema lita 38.

Dereva asipojua gari lake linakula kiasi gani, ajaze tangi mpaka juu na kuandika namba ya kilomita. Akishasafiri ajaze tena mpaka juu. Kilomita alizokwenda agawanye kwa lita alizoongeza. Mshale wa mafuta usiuamini peke yake, katika magari makuukuu mara nyingi umekufa.

Kituoni taja lita, usitaje fedha tu, maana bei hubadilika. Petroli ya chupa za kando ya barabara huweza kuwa imechanganywa na mafuta ya taa. Na jerikeni ya petroli isiwekwe ndani ya gari pamoja na watu, hata kama safari ni fupi.

Kuna wanaouliza juu ya njia ya Tirinyi. Kwa anayekwenda Mbale mjini ni fupi kuliko ya Tororo. Kwa Busiu haisaidii sana, kwani ukifika Mbale unarudi tena kusini.

Anayepanga safari aje kwangu siku moja kabla, pamoja na dereva. Kalamu na karatasi ninazo.