Nyasi Bandia: Tuipokee Kazi Hii au Tuiache?

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya watunza bustani)



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo vyama vyenu huniuliza kila tunapokutana: mteja akitaka nyasi bandia badala ya ukoka, je, chama kiipokee kazi hiyo? Jibu langu ni kwamba kiipokee, ila baada ya kujifunza, na kwa fedha ya mteja, wala si kwa hisa za wanachama. Nitaeleza sababu, nikianza na kosa ambalo nami nilikuwamo.

Miaka michache iliyopita, chama kimoja nilichokuwa nikikikagua kilipata kazi ya kutandika nyasi bandia katika ua wa nyumba ya wageni. Kamati iliandaa makisio, nami nikayapitia. Hesabu zilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho. Sikuuliza swali moja tu: zulia litalala juu ya nini? Lilinunuliwa kwa fedha ya chama, likatandikwa juu ya udongo wa mfinyanzi uliosawazishwa kwa reki. Masika yalipofika, maji yalituama, udongo ukadidimia, mishono ikaachana. Mwenye nyumba alikataa kulipa salio, na hakukosea. Mwaka ule wanachama hawakugawana bakaa.

Ndugu zangu, kazi hii si zulia. Kazi ni msingi. Udongo wa juu huchimbwa ukaondolewa. Kokoto ndogo humwagwa na kushindiliwa kwa mashine, tabaka la takribani sentimita 10 kwa bustani ya nyumbani, likiwa na mteremko wa walau sentimita 1 kwa kila mita 1 ili maji yapate njia. Ndipo zulia hutandikwa, nyuzi zote zikielekea upande mmoja, mishono ikaunganishwa kwa gundi, na mchanga mkavu ukanyunyizwa. Ua wa mita za mraba 200 huhitaji kokoto mita za ujazo 20, na zaidi, kwa kuwa hupungua zikishindiliwa. Katibu asiyeziona kokoto hizo katika makisio asitie sahihi. Viwanja vya mpira, kama Kaitaba wa Bukoba na Nyamagana wa Mwanza, ni kazi ya wataalamu wengine, tusivitamani.

Wako wanaosema kwamba nyasi hizi zitawanyang'anya wanachama riziki. Hofu hiyo ina msingi. Ukoka humwita mtunza bustani mara kwa mara, kuukata na kuumwagilia, plastiki haioti. Lakini mteja aliyekwisha kuamua, tukimkataa, atamwita mwingine, nasi tutakosa yote mawili. Afadhali tumshauri kwa haki.

Tukumbuke asili yake. Katika uwanja wa Astrodome, mjini Houston, Marekani, paa la kupitisha mwanga lilipakwa rangi kwa sababu wachezaji hawakuuona mpira, na nyasi hai zikafa. Mwaka 1966 zikawekwa za bandia. Basi mahali pake ni pale ambapo ukoka hauwezi kuishi: kivulini, katika nyua finyu, juu ya sakafu. Kwenye jua na maji ya kutosha, tumshauri mteja apande ukoka. Tumwambie pia kwamba plastiki huwaka joto kali mchana, hata mtoto asiweze kuikanyaga peku, na kwamba huchakaa na kuwa taka. Chembe za mpira tusizitumie. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kukomesha uuzaji wake kwa ajili ya viwanja baada ya kipindi cha miaka minane, kwa kuwa husambaa na kuchafua mazingira.

Kwa hiyo nashauri mambo manne. Kwanza, wanachama wawili au watatu wajifunze kwa fundi mzoefu kabla ya kazi ya kwanza. Pili, malipo ya awali yatosheleze zulia na kokoto. Chama kisikope nje ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu. Tatu, mkataba utaje unene wa msingi na muda wa dhamana. Nne, uambatane na mapatano ya matunzo: kufagia, kuosha, kuongeza mchanga, ili mwanachama aendelee kupata chochote.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari bila kwenda kuitazama kazi yenyewe halitoshi. Hilo nililijifunza kwa hasara ya wenzenu.