MANENO YA KATIBU WA TAWI: WAZEE WETU NA SIMU YA MUUGUZI

Kwa ambao hamkufika kikaoni, tulisema hivi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60. Lakini mzee wa presha aliye juu mlimani hashuki hadi zahanati, na muuguzi akipanda hajui nani ameishiwa dawa. Zanzibar, kwa mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa jamii wanapita nyumba kwa nyumba na simu yenye kumbukumbu za kaya. Wenzetu walilenga mama na watoto. Sisi tuanze na wazee, hata kwa simu ya tochi.

Viongozi wa mashina, leteni orodha kabla ya Jumapili: jina la mzee, kitongoji, namba ya anayeishi naye. Muuguzi atapiga kwanza, ndipo apande na dawa. Vocha zitatoka mfuko wa tawi, risiti tutazibandika ofisini (mnatujua, hata ya mia tano hatuiachi).

Ugonjwa wa mtu usiandikwe humu kundini. Na orodha haiulizi kadi ya chama; mzee wa upande wa pili naye aandikwe.

Kule mtandao usikofika, tumeni kijana.

Katibu wa Tawi, Mazinde