KISU CHA MFUKONI

Leo tungependa tufikiri pamoja juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tunacho hata sasa: kisu cha kukunja, kile kikaacho mfukoni pamoja na funguo na sarafu.

Mtu aliyezoea kutembea na kisu hiki hujiona amepungukiwa siku anapokisahau nyumbani. Asubuhi hukata nacho uzi wa gunia la mahindi. Mwalimu huwachongea watoto penseli. Mkulima hukata kijiti cha mwembe mzuri akakipandikiza juu ya mche wa kienyeji. Saa sita ya mchana, chini ya mti, kisu kile kile humenya chungwa, na kipande kimoja kikapewa jirani. Hata kisu mashuhuri cha Uswisi kilianza kwa kazi za namna hii. Mwaka 1891 fundi Karl Elsener wa Ibach alianza kuwapelekea askari wa nchi yake visu vya kukunja, nao walivitumia kufungua mikebe ya chakula na skrubu za bunduki zao. Kilikuwa kisu cha askari, lakini kazi yake ilikuwa kusaidia.

Hebu tukitazame vizuri. Mgongoni mwa mpini mna springi ya chuma. Springi hiyo hulishika bapa la kisu lisijifunge juu ya vidole wakati wa kukata, na springi hiyo hiyo hulishika lisijifungue ndani ya mfuko. Ikilegea, kisu hakifai tena, hata kikiwa kikali kama wembe, kwa maana kitamkata mwenyewe. Kwa hiyo mwenye kisu cha kukunja hushukuru kwa mambo mawili: kwamba kina makali, na kwamba makali hayo yanakubali kufungwa.

Na sisi je, wapenzi, tunakubali kufungwa?

Sisi wachungaji tumeitwa usiku kwenye nyumba zenye kilio. Tumesimama kaburini pa kijana aliyekufa kwa ajili ya deni dogo, au mpaka wa shamba, au neno moja lililotamkwa penye pombe. Mara nyingi waliopigana ni watu wa mji mmoja, waliokula pamoja. Kisu kilichomenya chungwa saa sita mchana, saa mbili usiku kimemwaga damu ya ndugu. Hakuna aliyekinunua kwa kazi hiyo. Mke mmoja anabaki mjane, na mke mwingine anaanza safari za kwenda gerezani na watoto wake.

Katika Biblia tunasoma habari za watu wawili walioshika makali. Wa kwanza ni Mfalme Yehoyakimu wa Yuda, katika Yeremia sura ya 36. Ulikuwa wakati wa baridi, naye ameketi mbele ya moto. Akasomewa maneno ya Bwana ambayo Baruku aliyaandika kutoka kinywani mwa Yeremia. Karibu palikuwa na kisu kidogo cha mwandishi, kisu cha kuchongea kalamu za matete. Kilitengenezwa ili neno liandikwe. Mfalme akakitumia kukata lile gombo, kipande baada ya kipande, na kulitupa motoni. Watu watatu wakamsihi aache, wala hakuwasikia.

Wa pili ni Daudi, katika 1 Samweli sura ya 24. Sauli alikuwa akimwinda na watu 3,000 katika nyika ya Engedi. Akaingia pangoni peke yake, bila kujua kwamba Daudi na watu wake wamejificha ndani. Rafiki za Daudi wakamnong'oneza kwamba hii ndiyo siku yake. Daudi akaenda polepole, akakata pindo la vazi la Sauli, basi. Na hata kwa pindo lile moyo wake ulimchoma. Baadaye alipomwonyesha Sauli kile kipande cha nguo, adui yake alilia kwa sauti.

Wote wawili walikuwa na makali mkononi. Wote wawili walikuwa na watu wa kuwashauri. Mmoja aliombwa aache, akaendelea; mwingine alichochewa aendelee, akaacha. Ndani ya Daudi mlikuwa na kitu kilichomshika, nacho ni kumcha Mungu.

Siku hizi katika viwanja vya ndege, na kwenye milango ya majumba mengi makubwa, askari hutupekua na kututaka tuache visu vyetu. Tusiwakasirikie. Askari hutazama mfuko kwa kuwa hawezi kutazama moyo. Mungu huutazama, na mlango wake hatuwezi kuupita tumeficha kitu.

Basi tufanye nini? Tuanze na jambo jepesi. Unapokwenda kudai deni, au kuzungumza habari za mpaka, au unapokwenda mahali penye ulevi, kiache kisu nyumbani. Si aibu. Ukihisi hasira inapanda, ondoka utoke nje kwanza. Wazee wetu walisema kwamba hasira ni hasara. Na nyumbani, mbele ya mke na watoto, tukumbuke kwamba ulimi nao una makali, nao pia hufungwa. Zaidi ya yote, tumwombe Roho Mtakatifu kila siku atupe kiasi, kwa maana nguvu zetu wenyewe hulegea kama springi iliyochakaa.

Huenda pia ananisikiliza mtu aliyekwisha kukata. Labda uko gerezani, au umemjeruhi mtu na hakuna ajuaye. Ndugu, yako hayafichiki mbele za Mungu, na palipo na haki ya kutimizwa, itimize. Kwake aliyejeruhiwa kaombe msamaha. Lakini sikia mwisho wa habari ya Yehoyakimu. Gombo liliteketea lote, na Bwana akamwambia Yeremia atwae gombo jingine. Baruku akaandika tena maneno yale yote, na mengine mengi yakaongezwa. Kisu cha mfalme hakikuweza kulimaliza Neno la Mungu. Wala chako hakikulimaliza. Neno lile la toba na msamaha bado linasomwa, na leo umesomewa wewe.

Na tuombe. Ee Bwana, ulioshika mkono wa Daudi pangoni, ishike na mikono yetu. Utufundishe kufungua makali yetu kwa kazi njema tu, na kuyafunga upesi. Uwafariji waliofiwa, uwarudishe waliopotea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.