Mstari Mmoja Kwenye Ramani

Septemba 2022, wengi Florida, Marekani, waliangalia ramani za kimbunga Ian wakaona mstari unaelekea Tampa. Tarehe 28 kikatua kusini zaidi, karibu na Fort Myers. Maji ya bahari yakapanda mita 3 hadi 4.5 juu ya ardhi. Agizo la kwanza la kuhama katika kaunti ya Lee lilikuwa limetoka jana yake tu.

Watabiri wana hoja. Lee ilikuwamo ndani ya mchoro wenye umbo la baragumu unaouzunguka mstari huo kwenye ramani. Lakini, na hapa ndipo penye utata, mchoro huo huonyesha kitovu cha kimbunga kinaweza kupita wapi, tena huwa sahihi takriban mara mbili kati ya tatu. Haumwambii mkazi wa ufukweni maji yatafika wapi.

Kwa upande mwingine, kuhamisha watu mapema kuna gharama yake. Aprili 2019, wakazi wa mabondeni Mtwara, Tanzania, waliambiwa wahame. Lakini kimbunga Kenneth, walichokihofia, kikapiga Cabo Delgado, Msumbiji.

Je, aliyehama siku ile, akaikuta nyumba yake salama, atahama tena akiambiwa?